Mnyama Asiyepita Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Kitinda kaja dukani kupunguziwa suruali. Si mteja, ni mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki. Sasa ni mwandishi. Anaandika vitabu vya dunia ambazo hazipo. Viwili vimeshatoka. Nimevisoma vyote, cha kwanza mara mbili, maana mara ya kwanza sikuelewa wale watu wanaishi juu au chini.

Leo alikuwa na uso wa mtu aliyelala na viatu. Kumbe kitabu cha tatu kimemkwamia. Katika kile cha kwanza aliweka bonde la duara, duara kama sahani, na mji katikati yake. Anasema hakufikiria, aliweka tu. Sasa wasomaji wanauliza nani alilichimba. Mchapishaji naye kasema jibu liwe mnyama, mkubwa kuliko mlima, na awe amepatikana kabla ya wiki ijayo kwisha. La sivyo kitabu kinaachwa.

Nikamwambia hilo dogo, aniachie mimi. Akanijibu kwa upole kabisa nisijisumbue, Dada, mke wake tayari anamchora mmoja.

Wifi. Mwalimu wa baiolojia.

Nilipunguza mguu mmoja wa suruali mara mbili.

Nani alikuwa anamtungia wanyama huyu mtoto alipokuwa hataki kuoga? Ni mimi. Nilikuwa namwambia asipoingia kwenye beseni, Gubuguu atakuja ayanywe maji yote na beseni lenyewe alimeze. Aliingia mbio. Leo Gubuguu kasahaulika, na mimi nimebaki wa pindo za suruali. Nimesali. Nimemwomba Mungu aniondolee wivu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimepiga magoti, nikamwomba na mnyama.

Jumanne, 4 Machi

Lile la pili limejibiwa haraka. Nyoka! Mrefu kama barabara ya hapa hadi mji wa pili. Kajikunja, kalala usingizi wa miaka elfu, ardhi ikabonyea. Bonde hilo hapo, la duara. Nikampigia simu Kitinda kabla hata ya kupasha pasi moto.

Alisikiliza vizuri. Nikasikia anamweleza mkewe pembeni. Nikamsikia wifi naye akisema, bila ubaya wowote, kwamba damu ya nyoka huyo ingechukua siku mbili kutoka kichwani kufika mkiani, na habari za mkiani kurudi kichwani ndiyo kabisa. Ukimkanyaga mkia Jumatatu anakasirika Jumatano. Kitinda akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Nilipokata simu nikaona nimeunguza kola ya mtu.

Mchana mchungaji kaja kujaribu joho lake jipya. Nikaona nimuulize moja kwa moja kama ni dhambi binadamu kubuni mnyama, maana kazi hiyo ina mwenyewe. Akafikiri. Akasema haoni dhambi, mradi nisimwabudu na nisijigambe. La kuabudu halinisumbui. Halafu akainama, akaninong'oneza kwamba hata yeye anaye mmoja, tangu akiwa chuoni. Vichwa vitatu, kila kichwa na maoni yake, na mwili mmoja usioenda popote. Alimtoa kwenye vikao vya wazee wa kanisa.

Kwa hiyo kila mtu ana mnyama wake. Nikamwomba ainue mikono nimpime upya kwapani, na asimtajie Kitinda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa wifi kupeleleza. Nilibeba keki, ili ionekane ni mapenzi.

Kanipokea kwa mikono miwili. Wifi yangu huyo, karibu ndani, mbona umepungua. Sijapungua. Kanikalisha, kanimiminia chai, na pale mezani, waziwazi, bila hata kufunikwa na gazeti, yupo mnyama wake.

Acha niseme kweli, hapa tuko peke yetu. Ni mzuri. Mlima mzima uliovikwa manyoya kama ya ndege. Mifupa ina uwazi ndani ili asijivunje kwa uzito wake. Mapafu saba. Masikio mapana kama viwanja, ya kujipepea, maana wifi anasema kiumbe kikubwa kinateswa zaidi na joto lake chenyewe kuliko njaa. Makucha ya kuchimbia. Ana hata utumbo. Mimi nyoka wangu sikumfikiria utumbo.

Roho iliniuma, lakini uso niliuacha ukitabasamu. Nikapuliza chai. Nikasema, kama mtu anayejisemea tu, kwamba ni mzuri sana, ni vile tu Kitinda tangu utotoni hawezi kuona unyoya akatulia. Alikimbizwa na bata.

La bata ni kweli. Lililobaki nimelinyoosha kidogo.

Wifi alishika mdomo. Akaniambia asante, wifi, ningejuaje, miaka yote hii hajaniambia. Akanikumbatia. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshinda, na keki yote imekaa kifuani kama jiwe.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi kanitumia picha kwenye simu. Katoa manyoya yote. Mahali pake kaweka magamba ya mawe yenye nyasi zinazoota katikati, na mbuzi wadogo wanazila juu yake bila kujua wako juu ya nani. Kaandika kwamba wazo ni langu, na mnyama kawa mzuri mara mbili.

Nimeiangalia picha hiyo mpaka chai ikapoa. Ni kweli, mara mbili.

Jioni Kitinda kapiga simu. Nikajua ndiyo kuniambia wamemchagua mnyama wa wifi. Lakini sauti yake bado ni ile ya kulala na viatu. Anampenda mnyama wa mkewe, anasema, ila ana akili mno. Mnyama mwenye akili vile kwa nini achimbe duara? Angechimba njia iliyonyooka, apite, aende zake. Kila akiandika, mnyama anatoka nje ya bonde.

Nikampa pole. Nilimaanisha, pole yote isipokuwa kipande. Kisha nikafungua kabati la vitambaa.

Jumamosi, 8 Machi

Wazo langu ni hili: wifi anachora, mimi nashona. Mchoro unautazama, lakini kitu cha kushona unakigusa. Kesho tunakula pamoja kwao baada ya ibada. Nitaingia naye.

Nimefunga duka. Nimemchukulia vipimo kama mteja mwingine yeyote: kifua, kiuno, nyonga, shingo hana. Kitambaa ni mabaki ya mapazia ya kanisa, zambarau iliyoiva, ya upande mmoja mng'aro na upande wa pili mgongo mtupu. Nilipewa niyatumie kwa jambo jema. Nimejaza sponji ya makochi mawili. Macho ni vifungo vya koti la marehemu mume wangu, naye alikuwa mtu wa kutazama sana.

Miguu minne, minene, yenye nyayo pana. Kitambaa kilikuwa kinaniishia, kwa hiyo sikukikunja. Nililaza karatasi ya kukatia nikakata mguu, nikalaza tena nikakata, nikalaza tena. Chini ya kila unyayo nikashonea gurudumu la sanduku bovu la safari, ili avutwe kwa kamba aingie akitembea. Wifi na mapafu yake saba atembee tumuone.

Kimo chake kinanifika kidevuni. Kwa upana sijui, futi yangu iliishia njiani. Nimekaa namtazama na nimempenda. Mungu, nisamehe, lakini sasa naelewa siku ile ya sita ilikuwaje.

Jumapili, 9 Machi

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Hakupita mlangoni. Wa dukani alipita kwa sababu ni wa kukunja. Wa kwa Kitinda ni mlango wa watu. Mimi nilikuwa nje nasukuma nyuma, wifi yuko ndani anavuta kichwa, na Kitinda, mwenye nyumba, karuka dirisha la jikoni ili aje anisaidie kusukuma. Wifi akawa anasema kwa ndani, polepole wifi, usimchane, amekaa tu vibaya bega. Alimsemesha kama mama mjamzito. Ghafla mnyama akaponyoka, nikaingia naye kifudifudi, na sponji ikatutangulia.

Nikajipangusa. Nikasema waketi. Nikashika kamba, nikamvuta kuelekea mezani.

Hakuelekea mezani. Alikata kushoto. Nikavuta kulia, akakata kushoto. Alizunguka meza yote, akapita nyuma ya viti, akarudi pale pale alipoanzia, na mimi nyuma yake kwenye kamba, nimevaa nguo za kanisani. Nikavuta kwa nguvu. Akazunguka kwa kasi.

Ndipo nikaziona nyayo. Zote nne zimetazama upande mmoja. Mguu wa kulia unataka kitambaa kikunjwe au karatasi igeuzwe, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Sikuigeuza hata mara moja. Nimekata miguu minne ya kushoto.

Wifi ndiye aliyelisema kwa sauti, huku machozi yanamtoka kwa kicheko: wifi, huyu kiumbe ni kushoto mtupu, hata ukimpa miaka elfu atazunguka hapo hapo. Kitinda hakucheka. Alimtazama mnyama, akanitazama mimi, akasimama, akaingia chumbani akafunga mlango. Chakula hakukigusa.

Kumbe nimemuudhi hivyo. Kazi yake inamfia mikononi, na mimi nimemletea kichekesho. Nilikula haraka nikaondoka. Mnyama nimemwacha. Singeweza kupita naye tena mlango ule.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna simu.

Nimeungama kwa Mungu yote, kwa mpangilio, la bata likiwemo. Nimeahidi kuacha hila kabisa. Nimeahidi kumpenda wifi bila keki. Nimeahidi kukunja kitambaa.

Mchungaji kapita kuchukua joho, kauliza habari za mnyama. Nikamwambia hakuna mnyama. Akasikitika kuliko nilivyotegemea.

Jumatano, 12 Machi

Kitinda hakupiga simu, alikuja mwenyewe, na mkewe, na karatasi mkononi. Akafunga mlango wa duka. Akaniambia, Dada, kaa chini. Nikajua ndiyo siku ya kukanywa.

Akasoma.

Hapo kale, kabla ya mji, alikuwapo mnyama mkubwa kuliko mlima, mpole, aliyeumbwa na mkono wenye haraka. Miguu yake yote ilikuwa ya kushoto. Kila asubuhi alianza safari ya kwenda kuiona bahari, na kila jioni alijikuta alipoanzia. Hakukata tamaa. Alizunguka miaka elfu, na nyayo zake zikaila ardhi, mpaka likapatikana bonde la duara kama sahani. Mwisho akalala katikati. Watu wakaja wakajenga mji juu yake, wakidhani ni kilima.

Wifi akadakia kwamba yeye alitia tu mapafu saba na mbuzi wanaokula nyasi, vinginevyo asingeweza kupumua chini ya mji. Akasema jibu yeye aliliona papo hapo mezani, alipokuwa anacheka, na Kitinda alikimbilia chumbani ili asilipoteze. Mchapishaji kapiga simu jana. Kitabu hakiachwi.

Nikauliza mnyama anaitwaje, kwa sababu ilibidi niseme kitu.

Kitinda akakunja karatasi. Akasema, mwenyewe akitazama cherehani, kwamba jina analo tangu zamani, hakuwahi kupata mnyama wa kulivaa. Anaitwa Gubuguu.

Nilisingizia mvuke wa pasi. Pasi ilikuwa imezimwa. Wifi alinipa kitambaa, nikajifuta uso, nikagundua ni kola ya mteja.

Alhamisi, 13 Machi

Siku njema. Nimeamka na kuimba. Moyo mweupe kabisa, wivu umekwisha, Mungu ni mwema.

Wifi kapita asubuhi. Mnyama bado yuko sebuleni kwao, wanamzunguka wakienda jikoni. Kaniambia kitabu cha nne kitakwenda baharini, na humo anahitajika kiumbe mkubwa kuliko visiwa. Ombi lake ni kwamba safari hii tumbuni sote wawili, pamoja, yeye mifupa na mimi nguo, bila kushindana. Nikamwambia wifi yangu, ningetaka nini zaidi? Tukakumbatiana, na nilimaanisha kutoka moyoni.

Hata saa ya chakula haijafika nimeshakata mikono minane. Yote ya kushoto, kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kinachopendwa. Wifi akija nitamfunika mnyama kwa majoho ya kwaya.

Wala sikusema uongo wowote leo. Nilipokuwa namsindikiza mlangoni nilimkumbusha tu, kwa mapenzi, kwamba Kitinda tangu utotoni hawezi kuona samaki akatulia.