Nyumba ya Kulwa Isibomolewe

Msowero, Agosti 11, Jumatatu

Brayan katangaza darasani, mbele ya watu, kwamba Jumamosi nyumba ya Kulwa inabomolewa. Siyo nyumba ya kweli. Ni ya kwenye gemu tunayocheza Form Three nzima: unapewa kiwanja, unajenga, unapamba, majirani wanakuja kutazama na kukusengenya. Mwenye nyumba asipoingia mwezi mzima, inavunjwa. Kulwa hataingia. Tulimzika Julai. Brayan ana kiwanja cha jirani, anataka kupanua gereji. Eti pole sana mwanangu, lakini marehemu haegeshi gari. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka! Mimi, pacha wake.

Agosti 12, Jumanne

Mpango. Simu ya Kulwa iko kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Inafunguka kwa sura. Sura ninayo! Mama alipokwenda shamba nikaichaji kwa sola, nikaitazama. Ikakataa. Nikakumbuka kwamba Kulwa alikuwa anacheka muda wote, hata kupiga picha ya kitambulisho. Nikajaribu kucheka. Tangu msiba sijafanya mazoezi. Mwisho ikakubali. Kugeuka, mama yuko mlangoni na jembe. Akauliza nacheka nini peke yangu. Nikasema hesabu.

Mwenye akili angeingia na kutoka. Mimi, humo kwenye gemu, nimeuza kitanda cha Kulwa na kumjengea ghorofa, ili Brayan aumie.

Agosti 13, Jumatano

Balaa. Nilisahau taa ya kijani! Ukiingia, jina lako linawaka kwa marafiki wote. Jana Namunyak wa dawati la mbele, ambaye kwa haya sijawahi hata kumwambia mambo, alimwona Kulwa yuko hewani anapandisha ghorofa. Leo hakuja shule. Mdogo wake anasema alilia mpaka akatapika. Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikakaa huko kipindi kizima.

Nimeapa. Simu ile siigusi tena.

Agosti 14, Alhamisi

Sikuigusa, nilichungulia tu. Brayan kawaripotia wenye gemu kwamba akaunti ni ya marehemu. Ujumbe umekuja kwa Kiingereza kigumu. Nimeutafsiri mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Mwenye nyumba athibitishe kwa sura kabla ya Jumamosi, la sivyo wanabomoa.

Agosti 15, Ijumaa

Habari imemfikia mama kisimani. Kwamba mwanawe kaonekana. Nilingoja kofi. Hakupiga. Aliuliza kwa sauti ndogo, anakaa wapi?

Nikatoa simu. Ili kuthibitisha ilibidi nicheke mbele yake. Nikacheka vibaya, machozi yananitoka, simu ikakubali. Mama akasema hivyo hivyo, ndivyo alivyokuwa.

Kisha akataka kuona vyumba vyote. Akauliza jiko. Akauliza ng'ombe wanalala wapi. Halafu akataka kuona nyumba yangu. Hapo akawaka! Kwetu pacha hawapewi kimoja: viatu jozi mbili, mashuka mawili, hata sindano za chanjo tulichomwa pamoja. Iweje wewe una kitanda, mwenzako analala sakafuni juu ya ghorofa? Aliyeuza ni mimi.

Agosti 16, Jumamosi

Ghorofa nimeiuza, kitanda kimerudi. Mama alikitazama muda mrefu, akauliza kama kuna blanketi. Nikaweka. Akaenda kuwatazama kuku. Nyumba imesimama. Brayan kanuna.

Hapo ningezima. Ila taa ilikuwa inawaka, na Namunyak akaandika: Kulwa, ni wewe?

Kwa jina langu nisingeweza kumjibu hata nukta. Lakini Kulwa hakuwa na haya. Nimemjibu: Ni mimi. Usiogope, huku ni salama. Kuna pacha wangu, Dotto, darasani anakaa nyuma karibu na dirisha. Jumatatu mtazame vizuri.

Sioni hapa naweza kukosea wapi.