Bosi Haandiki Bila Maua

Breki, dereva mstaafu, alifika kijiweni kwetu, benchi la nje ya duka la kutoa kopi, hajakaa kashatangaza.

"Ofisi ya maji mtandao umekufa! Virusi!"

"Wale hata maji yakikatika husema ni jua," nikamjibu. Tangu mke wangu afie kwenye foleni ya daktari aliyeitwa mkutanoni, mimi na wakubwa hatupikiki chungu kimoja.

Waya, fundi wa mitandao wa ofisi hiyohiyo, akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Ulikufa juzi, nimeshaufufua. Chanzo ni bosi. Yule haandiki barua pepe, anapamba harusi! Herufi za dhahabu, maua pembeni, na chini picha yake kavaa tai, inakonyeza."

"Inakonyeza?"

"Inakonyeza, mzee wangu! Sasa kuna mtu asiyemjua kamtumia faili, eti lina maua mapya. Kumbe ndani kuna kijiprogramu. Kulifungua tu, mwizi kaingia na viatu."

"Na wewe ulikuwa wapi?" Breki akamkaba.

"Nimeimba mpaka sauti imekauka! Barua ya kusoma, andika maandishi matupu. Ukitaka ipendeze, tuma pidiefu. Faili lenye vijiprogramu, lirudishwe mlangoni. Akanijibu maandishi matupu ni ya watu wasio na cheo."

"Mkubwa bila maua anajiona yuko uchi," nikasema.

Hapo akatokea Kibodi, karani wa bosi, kashika viatu mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nafukuzwa. Bosi kasema mimi ndiye niliyefungua lile faili. Barua yangu inaingia kwenye kompyuta asubuhi hii. Na dawa za mama zinalipwa na bima ya kazi hii hii."

Uchungu wa kuuguliwa naujua mimi.

"Waya, sema kitu, bwana!" Breki akafoka.

"Nimesema, nikaambiwa nifunge domo. Ila ngoja." Akajikuna kidevu. "Dada, kanuni inasemaje? Mtu anafukuzwa lini?"

"Barua ikifika kwenye kompyuta yake. Karatasi bosi kazipiga marufuku, eti ofisi ya kisasa."

"Basi jana makao makuu waliniamuru nifunge mlango wa barua pepe. Barua yoyote yenye mapambo au faili la ajabu inatupwa, hata iwe ya nani."

"Na bosi anajua?" nikauliza.

"Nilimtaarifu. Kwa maandishi matupu."

"Akasoma?"

"Asome kitu kisicho na maua?"

Breki alicheka mpaka kofia ikadondoka. Simu ya Waya ikalia. Akaitazama.

"Barua imezuiwa. Inatoka kwa bosi, inakwenda kwa Kibodi."

Ikalia tena.

"Kajaribu upya. Safari hii kaongeza waridi."

Kibodi alikuwa anavaa viatu. "Wazee wangu, nikiulizwa niseme nini?"

"Sema hujapata barua," nikamwambia. "Akibisha, mwambie aandike kama sisi tusio na cheo."

"Huyo? Bora afe!" Akaondoka anakimbilia kazini, visigino vinapiga sakafu ya baraza ko ko ko.

Simu ikalia mara nyingine. Waya akashika kichwa.

"Jamani! Sasa kaweka picha mbili, zote zinakonyeza!"

Nikavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu nifiwe, nikamwombea mkubwa dua: Mola amzidishie kujipenda.