Chupa Yenye Sauti Nzuri

Jumatatu, 1 Machi 1999

Habari mbaya. Mama mkwe wangu, Mama Agar, amekwama njiani. Alikuwa anakimbia vita kutoka kaskazini, kwa miguu, na miguu imekataa. Aliyeleta habari anasema yuko kijiji fulani, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli. Na baiskeli yetu imekatika fremu. Mke wangu Séphora anataka niipeleke kwa Esdras aichomelee leo leo. Esdras! Tangu aninyang'anye solo kwenye kwaya, hanisalimu bila kutabasamu. Hapana. Nitajifunza kuchomelea mwenyewe, hapa nyumbani. Mpira na mdomo wa kuchomelea ninavyo, aliniachia marehemu kaka Émile. Imebaki chupa ya gesi tu.

Jumanne, 2 Machi

Nimefika kwa Ngondo, mlinzi wa bohari lililoachwa karibu na stesheni. Chupa tatu. Ndogo, mtu mmoja anaibeba begani. Ya kati. Na kubwa, inanifika kidevuni. Ngondo akasema kwa mwanafunzi ile ndogo inatosha, tena imejaa. Nilimshtukia mara moja: anataka kubaki na kubwa. Mimi nimegonga kengele ya kanisa miaka kumi na mmoja, mpaka wanajeshi walipobeba kile kipande cha reli tulichokuwa tunagonga. Chuma nakijua kwa sikio. Nimezipima zote kwa kijiko. Ndogo: pu. Ya kati: pu. Kubwa: ngeee, njiwa wakaruka. Nimechukua kubwa. Nimempa Ngondo mabati ya jiko letu.

Jumatano, 3 Machi

Chupa imefika kwa mkokoteni. Mchungaji Gamaliel alisaidia kuishusha, akashangaa kwamba ni nyepesi kuliko umbo lake. Nilimweleza kuwa gesi haina uzito. Mvua imenyesha mchana kutwa. Séphora amesonga bukari jikoni bila paa, mwavuli mkono mmoja, mwiko mkono mwingine. Ameuliza habari za mama yake. Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 4 Machi

Nimefungua koki. Kimya. Hata pumzi hakuna. Nimeigonga tena, inaimba vizuri kuliko juzi. Esdras akasimama kwenye ua, mbele ya majirani, akasema, "Ya bule njo inaimbaka, Nahum. Yenye kujaa inanyamaza." Nilimjibu kwamba gesi imelala chini kwa ajili ya safari, tuiache ipande. Majirani wakaangalia pembeni.

Ijumaa, 5 Machi

Séphora amepeleka baiskeli kwa Esdras bila kuniaga. Kwa kichupa chake kidogo, kazi imekwisha kabla chai yangu haijapoa. Hakudai kitu. Hilo limeniuma zaidi. Séphora akafunga kitenge, akamwita kaka yake Jessé aendeshe. Nilisema niende mimi. Akasema, "Weye bakia na chupa yako. Minyi naenda kutafuta mama."

Nimebaki. Ni kweli, lazima mtu ailinde.

Jumanne, 9 Machi

Wamerudi. Nyuma ya baiskeli kuna kitambaa cha kichwa na jozi ya kandambili. Mama Agar alifariki Alhamisi, wageni wakamzika. Alhamisi, siku niliyokuwa nasubiri gesi ipande. Kama baiskeli ingechomelewa Jumatatu, Jessé angemkuta Jumatano. Nimehesabu kwa vidole mara tatu, jibu ni lile lile. Nimelia chooni ili Séphora asinione. Alikuwa mama mwema, aliwahi kunitetea.

Jumapili, 14 Machi

Mchungaji ameomba chupa iwe kengele, kwa kuwa hatuna nyingine. Tumeitundika. Nimepewa mimi niigonge kwa ajili ya Mama Agar. Sauti imefika hadi ng'ambo ya reli. Hata Esdras amevua kofia. 

Séphora hakunitazama. Tangu Jumanne hajaniambia neno. Ananipakulia, anaondoka. Siwezi kuishi hivi, lazima nimtendee jambo kubwa. Nitajifunza kuchomelea, nimtengenezee mama yake msalaba wa chuma.

Baada ya ibada Ngondo amenivuta pembeni. Kuna chupa nyingine imefika, inazidi ile kwa urefu. Ipo pia ndogo, imejaa, lakini anasema ndogo haina sauti. Nakwenda kesho asubuhi. Kijiko nimeshakiweka mfukoni.