Kahawa ya Wakwe kutoka Mau Narok

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Wakwe wanakuja Jumamosi! Shiko, binti yetu wa pekee, amepata mchumba aitwaye Kibii, na wazazi wa kijana wanateremka kutoka Mau Narok kuja kutujua. Watu wa ngano. Watu wa trekta. Sisi hapa Lanet tuna kuku na tangi linalovuja.

Si hilo lililonishtua. Shiko anasema Mzee Kosgei, baba ya Kibii, hanywi chai. Hanywi chai! Na baridi ile ya kwao! Eti inamchoma tumbo. Ni kahawa tu, ile ya kumwagia maji moto na kukoroga.

Wawira, mke wangu, amesema ninunue zile pakiti ndogo za kawaida, wageni huja kuona watu. Nimemwambia hajui mambo ya wakwe.

Jumanne, 4 Novemba

Supamaketi. Rafu ya chini: pakiti za kawaida. Rafu ya juu: chupa ya kioo, kifuniko cha dhahabu. Nikasoma bei. Nilidhani ni nambari ya simu ya kampuni! Nikainama kuchukua pakiti.

Nani anatokea na toroli? Makhanu! Jirani yangu, yule aliyepaka nyumba yake rangi mara tu nilipopaka yangu. Akatazama mkono wangu, akauliza kwa upole kama mambo yamekuwa magumu. Nikanyooka. Nikachukua chupa. Nilipanga kuirudisha akiondoka. Hakuondoka! Alinifuata hadi kwa keshia akiongea habari za mvua. Nimelipa. Bado siamini.

Wawira alipoona risiti alikaa chini. Akaisoma tena. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata akili! Kahawa ghali nimeihamishia kwenye mkebe wa zamani wa majani chai na kuusukuma chini ya kitanda. Itakuwa yangu, ya asubuhi za amani baada ya harusi. Kisha nikanunua pakiti za kawaida kwa kioski, nikazimimina ndani ya chupa ya kioo. Kifuniko cha dhahabu juu. Nani atajua?

Nikajaribu. Kikombe cha hii, kikombe cha ile. Macho nimefumba. Shiko akapita, akauliza kama naombea chakula.

Sikuona tofauti! Hata kidogo! Nikarudia. Nikarudia tena. Sasa moyo unapiga kama jenereta, na tofauti sijaiona. Nimeamua kwamba kasoro iko kwa ulimi wangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa nimeketi nyuma ya nyumba.

Walifika na magunia ya viazi na kundi zima la shangazi ambao hakuna aliyetuambia kwamba watakuja. Mzee Kosgei ni mtu mrefu, wa pole pole. Nikaweka chupa mbele yake, maandishi yakimtazama. Akakoroga. Akanywa. Akatazama ndani ya kikombe. Niliona ndoa ya Shiko ikielea ndani ya kile kikombe.

"Hii sasa ni kahawa," akasema. Akaomba ya pili.

Nusura nipige makofi. Ndipo Shiko akaingia na birika la chai ya shangazi. Chai ya rangi ya matope! Shangazi wa kwanza akaonja, akatema kwa leso. Wa pili akauliza kama ni dawa ya mifugo. Shiko, machozi karibu, akaeleza: majani yaliisha, akakumbuka mkebe aliouona chini ya kitanda akifagia. Kwa vile nyumba yote ilinuka kahawa ya mzee, pua haikumsaidia. Na kwa vile wageni ni wengi, alimwaga mkebe wote kwa sufuria. Wote!

"Baba, haya ni majani ya aina gani?" akaniuliza mbele ya watu.

Ningejibu nini? Nikisema ni kahawa, Mzee Kosgei atauliza kwa nini kahawa inalala chini ya kitanda.

"Ya zamani," nikasema. "Mwaga."

Akaimwaga nje kwenye kitalu cha sukuma wiki. Nilitazama kupitia dirisha hadi tone la mwisho. Mzee Kosgei akanishika bega, akawaambia watu wake amefurahi kuona mzazi anayetokwa machozi kwa kumpenda binti yake.

Wamekubaliana. Harusi ni Aprili. Wakati wa kuagana, Mzee Kosgei akanivuta kando.

"Mkwe, nikuambie ukweli," akasema. "Kwangu mimi hunywa zile pakiti ndogo. Leo nimekunywa ya matajiri, na naona ni kitu kimoja. Usijisumbue tena kwa ajili yangu."

Wawira alikuwa nyuma yangu, alisikia yote. Aliingia ndani akicheka hadi akashika ukuta.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani Makhanu aliuliza kahawa ilipokelewa vipi. Nikamwambia mkwe aliomba ya pili. Ukweli mtupu! Alikunja uso wakati wote wa mahubiri. Siku njema.

Nami nilitumia mahubiri hayo kufikiri. Nimeona kosa lilipokuwa: ni kuchagua kahawa. Desemba ni zamu yetu kupanda Mau Narok, na mama yake Kibii anapenda asali. Wawira anasema tubebe ile ya kawaida inayouzwa barabarani Marigat, tena mama huyo huipenda hiyo hiyo. Asante, nimesikia.

Lakini kuna hoteli karibu na ziwa inayotupa chupa tupu za asali ya watalii. Lebo ya Kizungu, utepe shingoni! Nimeshaongea na mlinzi wa geti, ataniwekea. Naziosha, najaza hiyo ya Marigat, nafunga utepe. Nimeugeuza mpango huu kila upande. Hauna shimo hata moja.