Maswali Manane Juu ya Soli

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi amebandika tangazo kwenye mlango wa maktaba. Jioni ya Wadadisi, Ijumaa, saa kumi na mbili. Wahadhiri wawili tu. Mimi, fundi viatu, nitazungumza juu ya "Soli Haifichi Kitu: Tabia ya Mtu na Jinsi Anavyomaliza Viatu". Mwingine ni kinyozi wa kibanda cha jirani, aliyejipa mwenyewe jina la Profesa. Mada yake: kwa nini nywele za kichwani hukua na kukua, na nyusi hujua pa kuishia. Nyusi! Watu wazima na akili zao watoke makwao kwenda kusikiliza habari za nyusi.

Kanuni ni ileile. Atakayeulizwa maswali mengi ndiye atakayefungua msimu ujao, na picha yake itakaa mlangoni mwaka mzima. Nimeshahutubia mara mbili. Maswali niliyoulizwa mpaka sasa: moja. Bwana mmoja alitaka kujua choo kiko wapi.

Sasa balaa. Binti yangu, mwalimu wa sekondari, amepiga simu kwamba anakuja kunisikiliza kwa mara ya kwanza. Nilishamwambia kwamba nikimaliza kuzungumza watu hunyang'anyana kipaza sauti. Nilitia chumvi kidogo tu. Lakini nikiumbuka mbele yake, uso huu nitauweka wapi?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Wakati mwingine kichwa changu kinanitisha mwenyewe.

Maswali manane, kwenye vikaratasi, kwa mwandiko wangu. Mawili kwa mke wangu, matatu kwa shemeji, kaka yake, ambaye ni fundi bomba, na matatu kwa mshona nguo wa ng'ambo ya barabara. Maagizo ni mafupi: mimi ni wa kwanza kuzungumza, taa huzimwa ili picha zionekane ukutani, mhadhiri wa kwanza akimaliza na taa zikiwaka, waulize mfululizo. Shemeji akaanza kuhoji maswali yenyewe yana maana gani. Nikamwambia asijisumbue kufikiri, kazi hiyo nimeshaifanya, yeye asome tu.

Mke wangu akasema nikizungumza vizuri watu watauliza wenyewe. Mke wangu hajui siasa za maktaba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimegundua hatari nyingine. Mhadhiri wa kwanza husahaulika! Watu huenda nyumbani na wa pili kichwani. Nikaingia maktaba kimyakimya, nikampigilia mkutubi kisigino cha kiatu kilicholegea papo hapo, nikamwomba niwe wa pili. Akakubali bila hata kuuliza sababu. Kisha nikapita kwa Profesa, nikamwambia kwa upole kwamba nimemwachia heshima ya kufungua. Akanishukuru mara tatu, maskini.

Jioni nimefanya mazoezi mbele ya viatu vya wateja, jozi ishirini na sita nilizozipanga safu. Nimeridhika sana na sauti yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika asubuhi hii kabla ya kufungua kibanda.

Jana ukumbi ulijaa. Binti yangu alikaa safu ya mbele, kavaa viatu vyeusi nilivyomshonea alipoajiriwa. Profesa akaanza. Alisema kila unywele una muda wake wa kukua, wa kichwani miaka, wa nyusi miezi michache, kisha hudondoka. Basi, ndiyo elimu yote hiyo. Nilipiga miayo kwa makusudi. Akamaliza, taa zikawaka.

Shemeji akasimama.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi nilihama zamu, lakini wenye vikaratasi sikuwaambia. Shemeji akasoma, kwa sauti ya mtangazaji, je, kuisha huko huanzia kisiginoni au kwenye vidole? Nikamtikisia kichwa. Akadhani namtia moyo, akasoma la pili. Profesa hakutetereka. Akajibu kwamba kisigino hakina nywele, lakini vidole vinazo, akatueleza habari za vidole vya miguu dakika nzima. Mshona nguo akauliza kwa nini upande mmoja huisha kabla ya mwingine. Profesa akasema hilo ni swali zuri mno, akaingia kwenye upara. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakachangamka na kuuliza ya kwao. Jumla kumi na manne, na sita ni mali yangu! Mke wangu peke yake alivikunja vyake akavitia mkobani.

Zamu yangu ikafika. Nilieleza soli zote, moja baada ya nyingine. Taa zikawaka. Hakuna mkono ulioinuka. Nikamtazama shemeji, akanionyesha viganja vitupu.

Ndipo binti yangu akainua mkono. Akauliza viatu vyake vya shule utotoni vilikuwa vinaniambia nini.

Sikuwa nimejiandaa, nikasema tu ninayoyajua. Kwamba mwaka aliohamia shule mpya, ncha ya kiatu cha kulia ilichubuka kila wiki, kwa sababu alikuwa anasimama nje ya lango akipigapiga ukuta kwa mguu, haingii. Kwamba sikumuuliza kitu, maana niliona hataki kuulizwa. Nilibandika ngozi mpya kila Jumapili, na nikaanza kumsindikiza mpaka langoni nikisingizia kwamba nina mteja upande ule. Ncha ilipoacha kuchubuka, nilijua amepata rafiki.

Binti akafuta macho. Hakuna aliyethubutu kuuliza kitu baada yake. Mkutubi alisahau hata kufunga kikao.

Kumi na manne kwa moja. Kwenye ngazi watu kadhaa walivua viatu wakanionyesha soli zao, wakitaka niwasomee, lakini maswali ya kwenye ngazi hayahesabiwi. Binti alinishika mkono njia nzima. Aibu ilimzidi, maskini mtoto.

Jumapili, 9 Machi

Binti ameondoka na basi la asubuhi. Kasema hajawahi kusikia mhadhara kama ule na kwamba atakuja tena. Moyo wa mtoto kwa baba yake!

Kosa nimeshalijua. Vikaratasi vilikuwa vichache, tena havikuwa na mada. Safari ijayo ni ishirini, vyekundu, juu vimeandikwa VIATU TU. Shemeji amekubali, mradi bado hatalazimika kufikiri. Mke wangu amekataa kabisa, kwa hiyo vyake viwili nimevitia kwenye begi la binti kabla hajatoka, pamoja na barua fupi. Nimemwomba safari hii asijitungie swali lake mwenyewe, asome haya yangu, ndiyo yenye uzito.