Kisiwa cha Kumalizia Fungate Yetu

Kwako Mhariri wa Ukurasa wa Safari, popote ulipo pakavu,

Pokea salamu nyingi kutoka Ndera, kando ya mto Tana. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na soksi zako zimekauka. Mimi naitwa Sumayya, mke wa Idris Buya na mama wa Habona, ambaye ameota meno mawili na anayajaribu kwa kila kitu, ikiwemo kalamu hii. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea mahali unirekebishe, maana hiyo ndiyo kazi unayolipwa.

Nakuandikia kuhusu makala yenu inayowafundisha maharusi jinsi ya kuchagua kituo cha fungate ya visiwani. Niliisoma kwenye simu ya Hersi mwenye duka. Niliirudia mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua sukari au kununua simu. Mmesema maharusi wasihangaike na mizigo kila siku. Wachague kisiwa kimoja kiwe makao, wawe wakitoka asubuhi kwa boti kutembelea visiwa vingine, na jioni warudi palepale. Maneno mazuri sana, nimeyapenda. Ila mmetaja visiwa vya watu wengine wote na vyetu mmeviruka.

Maana na sisi tuna visiwa. Mto ulipomwaga maji mwezi uliopita, kijiji chetu kiligawanyika vipande vitatu. Kuna kisiwa cha Shuleni, ambako nakaa mimi, mtoto, mama mkwe na nusu ya kijiji. Kuna kisiwa cha Barabarani, yaani kile kipande cha tuta kilichobaki juu, ambako Hersi amehamishia duka lake na mbuzi wa watu wamehamia wenyewe bila kuambiwa. Na kuna kisiwa cha Shambani, ambako yuko mume wangu peke yake, juu ya dungu, kile kitanda kirefu cha miti tunachokalia kufukuza ndege na nyani wasimalize mpunga. Idris haondoki huko. Maji yakishuka, alama za mipaka huwa zimekwenda na mto, na asiyekuwepo siku hiyo hukuta shamba lake limekonda na la jirani limenenepa.

Sasa elewa shida yangu. Katika nyumba ya kina Buya, bi harusi hawashi moto wake mwenyewe mpaka fungate iishe. Siku saba mnakaa ndani, mnapikiwa, hamgusi kazi. Siku ya mwisho, mama mkwe humpa bi harusi kaa la moto kutoka jikoni kwake, akawashe kwake. Sisi mafuriko ya mwaka wetu wa harusi yalitutoa ndani siku ya tatu. Mama mkwe akasema fungate iliyokatwa haijaisha, tutaimalizia maji yakikauka. Yakakauka, nikawa na mimba. Akasema mwenye tumbo hakai fungate, tungoje. Nikajifungua, nikatoka arobaini, ikawa msimu wa kupanda. Tukangoja. Mpunga ukaota, maji yakarudi. Nina mtoto anayeng'ata watu, na kwa hesabu za nyumba hii mimi bado ni bi harusi wa siku ya tatu. Napika kwenye moto wa wenyewe, na chumvi nawekewa.

Kwa hiyo ninapotafuta kituo, sitafuti starehe. Natafuta mahali pa kumalizia siku nne na kuwasha moto wangu. Nimevipima visiwa vyetu kwa vipimo vyenu, na malalamiko yangu ni haya.

1. Mmesema kituo kizuri kiwe na mandhari ya maji ukiwa kitandani. Hapa Shuleni nayaona kutoka nilipolala, mlangoni mwa darasa la nne, na yakiwa na hamu ya kutuona huingia yenyewe. Idris kule juu anayaona pande zote. Huko kwenu watu huongeza pesa wapate chumba cha namna hiyo. Sisi tumepewa bure na tunaitwa waathiriwa. Naomba maelezo.

2. Mmesema wenyeji wawe wakarimu lakini wawaachie maharusi faragha. Darasani tuko familia nyingi, pazia langu ni leso mbili, na mama mkwe hulala kati ya pazia na mlango. Anasema analinda. Siku moja Idris alikuja kutuona kwa mtumbwi wa nduguye, Jilo. Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika masikioni, akaninong'oneza, "Mke wangu, umependeza." Kutoka upande wa pili wa darasa mzee mmoja akaitikia, "Kweli kabisa, tena tangu jana." Faragha yetu ndiyo hiyo.

3. Mmesema kituo kiwe karibu na gati, boti zipatikane wakati wowote. Sisi tuna mtumbwi wa Jilo. Jilo humuuliza kila abiria, "Wewe unajua kuogelea?" Ukisema ndiyo, anakwambia basi ngoja, atangulize mbuzi. Boti yenye injini tuliiona mara moja tu. Ilimleta mheshimiwa mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea rangi ya chungwa, akashuka kwenye maji yaliyomfika magotini. Akambeba Habona wapigwe picha, na Habona akafanya kazi yake kwa meno yote mawili. Mheshimiwa akasema, huku amekishika kidole chake, kwamba serikali iko pamoja nasi. Kisha akapanda boti, wakaondoka yeye na serikali.

4. Mmesema wachague kisiwa kilicho karibu na daktari, isije mmoja wao akababuliwa na jua. Habona wakati wake wa chanjo ya surua umefika. Sindano iko ng'ambo, na boti ya kliniki tunaambiwa inangoja mafuta. Hili silifanyii mzaha. Nimeliweka hapa katikati ili usilifikie ukiwa umechoka kusoma.

5. Mmesifu samaki wabichi kila siku. Kwetu kambare huingia darasani bila kuitwa, tunachohitaji ni fagio tu. Mahindi ya msaada yamefika, asanteni waliotoa, lakini ni mazima, na mashine ya kusaga iko chini ya maji, na mwenye mashine amesimama juu yake akisikitika. Mwalimu Laban ametushauri tuyaloweke. Nilimjibu, "Mwalimu, hapa kuna kitu ambacho hakijalowa?"

6. Nimesoma makala yote mpaka matangazo ya chini. Katika hoteli zenu zote sijaona hata moja yenye mama mkwe. Sijasema neno. Nimesema nimeona tu.

7. Hili ndilo kubwa. Nimekaa nikafikiri tofauti yetu na wale wageni wenu ni nini. Wao wamezungukwa na maji, sisi tumezungukwa na maji. Wao wanalala mahali pasipo pao, sisi vilevile. Wao hawafanyi kazi, na sisi kazi yetu imezama. Nikagundua tofauti ni jina. Mwathiriwa anangoja, mtalii anahudumiwa. Barabara ya kwenda Garsen ikimkatikia mtalii, kufika jioni nchi nzima imeshampa pole. Ikitukatikia sisi, tunaambiwa tuwe na subira na tuhamie juu, kana kwamba huko juu kuna shamba.

Kwa hiyo naomba, kupitia ukurasa wako, Ndera itangazwe kuwa kituo cha fungate. Chifu apewe umeneja, funguo za shule anazo tayari. Mahema ya msaada yaitwe vyumba vya wageni. Wale wanaokuja kutuhesabu asubuhi waanze kwa kutuuliza tumelalaje na kama tungependa chai. Watu wote waliokatiwa fungate na maji, hata wenye wajukuu, waruhusiwe kuianza upya kwa gharama za kaunti. Nimemweleza Hersi mpango huu naye ameukubali mara moja. Ameshapandisha bei ya sabuni, anasema hiyo ndiyo sehemu ya utalii anayoielewa.

8. La mwisho linamhusu Idris mwenyewe. Yeye ni mtu wa kuamini kilichoandikwa. Mimi nikimwambia hama uje Shuleni, ananiambia mipaka. Nilimwuliza, "Na mpaka wangu mimi na wewe analinda nani?" Akarudi shambani. Ndipo nakuomba uandike makala nyingine, fupi, kwa herufi kubwa. Useme wataalamu wamepima na kuona kwamba maharusi wenye mtoto wakae kisiwa chenye bati, choo na watu. Useme dungu halifai kabisa kuwa kituo cha fungate. Halina ukuta, nyoka wanaokimbia maji hupanda humo kupumzika, na ngazi yake haipandwi na mwanamke aliyebeba mtoto. Useme pia kwamba shamba likipungua linaweza kugombewa kwa chifu, lakini mume akichukuliwa na mto hakuna wa kwenda kumgombea. Hiyo sentensi naomba usiikate hata nafasi ikiwa ndogo. Akiisoma atakuja, siku nne zitaisha, nitapewa kaa langu, na mwanangu atakua akijua mama yake ana jiko.

Nisalimie wote hapo ofisini, anayepiga zile picha za miguu kwenye mchanga, na aliyeandika makala. Mwambie simchukii, nimemwonea wivu tu. Mama mkwe naye anakusalimu. Hajui nimeandika nini.

Mimi niliye tayari kwa fungate wakati wowote,
Sumayya, mke wa Idris Buya,
Kisiwa cha Shuleni, Ndera.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kuondoka kwa sababu posta yetu ni Jilo. Leo asubuhi alikuja akasema anapita Shambani, nikaona heri niingie na Habona mgongoni, nikamsomee Idris barua nzima usoni kabla wewe hujaichapisha. Ile ngazi niliyokwambia haipandwi, nimeipanda. Nikamsomea mpaka penye nyoka. Akasema nyoka ni mmoja tu, na kahama. Nikamsomea penye mume kuchukuliwa na mto, hapo akampokea mtoto. Ndipo nikaangalia vizuri. Amelipanua dungu, ameziba upande wa upepo kwa matete, na pembeni amekandika udongo mzito na kusimamisha mafiga. Mafiga mapya, hayajaona moto. Nikamwuliza ni ya nani. Akasema, "Ya mwenye nyumba. Mbona umechelewa?"

Kaa la mama mkwe sikuwa nalo. Nimewasha kwa kiberiti.

Kwa vipimo vyenu vyote hiki ndicho kituo kibaya kuliko vyote, na ndipo tunapokaa. Kwa hiyo makala niliyoomba usiiandike, Idris asije akashawishika. Utalii nao uuache kwanza, hapa hapana nafasi ya mgeni. Ila boti ya kliniki bado naidai, na sasa ipite Shambani. Mama mkwe ametuma salamu kwamba kesho anakuja kukaa nasi zile siku nne, asimamie zihesabiwe sawasawa. Tumemwomba Jilo amwambie mtumbwi umetoboka.