Jua Nililolipaka Nyekundu

Jumatatu, 6 Mei
Mkuu wa chumba cha picha anastaafu! Kiti kimoja, watu wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Kompyuta inakokotoa jinsi Jua linavyolipuka na kurusha upepo wake angani. Sisi tunageuza tarakimu kuwa picha. Buluu, upepo wa polepole. Nyekundu, wa kasi. Bosi atachagua Ijumaa, akishaona kazi zetu. Nimemwambia mke wangu kiti ni changu. Akasema hata kile cha mwaka juzi kilikuwa changu.

Jumanne, 7 Mei
Nimechungulia picha ya Miwani. Nzuri! Nimechukia. Yangu buluu tupu, mlipuko umepooza, Jua kama limeamka na mafua. Hapa kiti kinaniponyoka.

Jumatano, 8 Mei
Dawa imepatikana. Nimeshusha kipimo cha rangi: nyekundu sasa inaanzia pale ilipokuwa buluu. Tarakimu sijazigusa, mimi si mwongo. Picha inawaka! Kile kibao cha pembeni kinachoeleza maana ya rangi nimekifuta. Kilikuwa kinaharibu urembo. Miwani kauliza kibao kiko wapi. Nikamjibu mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 9 Mei
Kwa nini nisubiri kesho? Jioni nimemtumia Bosi picha yangu, aione kabla ya ya Miwani. Kwa haraka nikasahau kuandika kwamba ni mlipuko wa mazoezi, wa kubuni. Ah, si mtaalamu? Atajua.

Ijumaa, 10 Mei
Hakujua! Alidhani ni Jua la leo. Kabla sijafika kazini keshawapigia watu wa setilaiti, wakazima mitambo. Keshawapigia watu wa umeme, wakakaa chonjo. Akaniita, akauliza dhoruba inatufikia saa ngapi. Nikasema haitufikii. Akauliza imepinda wapi. Nikasema haipo. Miwani alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kiti kapewa yeye, kwa majaribio ya miezi mitatu. Imeniuma, sitaficha. Na amri yake ya kwanza: niweke vibao vya rangi kwenye picha zote za chumba. Elfu mbili! Nyumbani mke wangu kanikumbusha kuwa njia ya mwongo ni fupi. Nimemweleza tena habari ya tarakimu. Kaenda kulala.

Jumatatu, 13 Mei
Nimejichunguza wikendi nzima, na kosa langu nimeliona wazi. Nyekundu inatisha watu. Zambarau je? Haijawahi kumtisha mtu. Miezi mitatu ni mingi, na picha zote elfu mbili ziko mikononi mwangu. Mpaka mchana nimeshapaka arobaini.